Matao ya Muuza Viti

Kila asubuhi, kabla mlango wa duka la samani haujafunguliwa, muuza viti alichukua kitambaa kikavu akafuta vumbi juu ya nailoni zilizofunika bidhaa. Alianza na viti vya mezani, akaja kwenye stuli, kisha makochi, na akamalizia kwa kochi jekundu la mtu mmoja lililowekwa mbele ya kioo cha mtaani. Lilikuwa na mgongo mrefu na mikono minene, naye alilifuta kwa adabu, kama afutaye uso wa mtoto aliyelala. Akisha kufuta, alisimama. Alisimama mpaka adhuhuri, akaenda kuswali, kisha akarudi kusimama mpaka jioni.

Ukutani, juu ya vichwa vya wote, Tajiri mwenye duka alikuwa ameandikisha kwa rangi nyeusi: KITI NI CHA MTEJA. Tajiri huyo hakuwa mtu mbaya. Alijua watoto wa wafanyakazi wake kwa majina na kwa madarasa, na mfanyakazi akifiwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ila katika suala la kukaa hakuwa na masihara. "Mteja akikuta kiti kimekaliwa," alizoea kusema, "ataona kina mwenyewe." Kwa hiyo muuza viti alitumia umri wake wa utu uzima akisifu ulaini wa viti asivyowahi kuvikalia. Wenzake wakambandika jina la Wima, naye akaliitikia kwa furaha, kwani aliliona kuwa jina lisilo na lawama ndani yake.

Mambo yalianza siku ya Jumatatu. Wima alitoka kuoga akapita ukumbini kwa miguu yenye maji. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, akazitazama alama zilizobaki kwenye saruji.

"Baba watoto, hebu rudi ukanyage tena."

Akarudi, akakanyaga.

"Zamani wayo wako ulikuwa na pengo hapa ubavuni, kama mwezi mwandamo. Leo umejaa kama pasi."

Wima akainama, akatazama. Kweli, ulikuwa umejaa, kisigino mpaka vidole, wala hapakuwa na mahali pa kupitisha hata ukucha.

"Matao ya nyayo zako umeyapeleka wapi?"

"Jana asubuhi nilikuwa nayo."

"Umetazama chini ya kitanda?"

Akatazama. Hapakuwa na kitu ila ndara na shuka lililodondoka.

"Basi umeyasahau kazini," mkewe akakata kauli. "Kusahau ndiko kwako. Mwavuli ulisahau, miwani ukasahau. Siku moja utakisahau kichwa, nije kuombwa nikifuate."

Wima akavaa viatu, akaenda zake, na njiani akajikuta anabamiza lami kwa nyayo kama mtu apigaye kofi ukuta. Alipofungua duka aliyaona. Yalikuwa yamekaa kwenye kochi jekundu, la kulia na la kushoto, kila moja limejipinda mfano wa kidaraja, yana rangi ya ngozi yake na ukubwa wa kipande cha tikiti. La kulia lilikuwa limeegemea mkono wa kochi. La kushoto lilikuwa katikati ya mto, limetulia kama hakimu.

"Asalaam aleikum," akasema Wima.

"Waaleikum salaam," likajibu la kushoto. "Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Kwema?"

"Kwema. Tumekaa."

"Naona."

"Tumekubeba tangu uliposimama dede, hatukusema kitu. Ukaoa, ukanenepa, hatukusema kitu. Lakini sakafu hii, bwana, imetushinda."

"Mtarudi lini?"

"Siku utakapokaa."

Wima akautazama ukuta wenye maandishi, kisha akachukua kitambaa, akafuta kochi kwa kulizungukia, asiwasumbue waliokaa.

Baadaye kidogo akaingia muuza vitanda, mama wa makamo mwenye maneno ya pilipili, akatua mkoba wake.

"Kaka Wima, wageni wako hao?"

"Ni matao yangu."

"Nimeona mmefanana. Yangu mimi yaliniaga mwaka juzi. Yako kule nyuma, kwenye kitanda kikubwa, yamelala chali."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Tajiri alipofika alisimama mbele ya kochi jekundu, mikono nyuma.

"Haya ya nani?"

"Yangu, Tajiri."

"Nimeyaajiri?"

Wima akafikiri. "Uliniajiri mimi. Yalikuja nami."

"Na sasa yako nawe?"

"Hayako nami."

Tajiri alikuwa mtu wa haki, hakupenda kukata neno kabla hajalipima. Akazunguka kochi, akarudi palepale. "Katika duka hili," akasema hatimaye, "asiye mfanyakazi ni mteja. Yaletee chai."

Wima akayaletea chai, akasimama kando yake kuyauliza kama sukari inatosha.

Siku zikaenda, na mwili wa Wima ukaanza kushuka kama pazia lililokatika kamba. Vifundo vya miguu vikaanguka kwa ndani, vikaelekeana kama watu wawili wanaosengenya. Magoti yakavifuata, yakawa yanaamkiana kila hatua. Nyonga zikazunguka kidogo, kiuno kikalalamika, na suruali iliyokuwa ikimkaa sawa ikaanza kuburura pindo. Viatu vyake vikalika upande wa ndani tu, upande wa nje vikabaki vipya kama vya mtu mwingine. Jioni alipokuwa akirudi nyumbani, mkewe aliutambua mwendo wake kutoka mtaa wa pili, pa, pa, pa, akaweka maji ya moto jikoni.

Akaenda kwa tabibu wa mifupa. Tabibu alimsimamisha, akampitia nyuma, akamtazama kutoka visiginoni hadi shingoni.

"Umewahi kuona kabati lililowekwa mahali ambapo sakafu imebonyea?"

"Nimeona. Mlango wake wa juu haufungi."

"Ndiye wewe. Wapo watu waliozaliwa na nyayo bapa, wakaishi nazo mpaka uzeeni bila kuumwa hata siku moja. Watoto wachanga wote ndivyo walivyo. Hao huwaambii kitu. Lakini tao lililokuwepo, likachoka, likaondoka, huacha pengo, na pengo hilo hupanda. Kifundo huanguka kwa ndani, mfupa wa mundi ukajisokota, goti likaufuata mundi, nyonga ikalifuata goti, na mgongo, ambao haukuwa na habari, ukabebeshwa yote. Matao yenyewe yako wapi?"

"Yako dukani, yamekaa."

"Yana akili," akasema tabibu, akanawa mikono. "Weka kitu cha kuinua unyayo ndani ya kiatu. Simamia vidole asubuhi na jioni, visigino juu, visigino chini. Okota kitambaa kwa vidole vya miguu. Na zaidi ya yote, ukae. Kazi yako nini?"

"Nauza viti."

Uso wa tabibu ukanawiri. "Basi dawa unayo mkononi!"

Wima hakutaka kumvunja moyo. Akamshukuru, akaondoka.

Akafanya yote aliyoambiwa isipokuwa moja. Mkewe alimshonea mito midogo ya kitambaa ya kutia viatuni. Dukani, wateja walipokuwa wachache, alivua kiatu akaokota kitambaa cha vumbi kwa vidole vya miguu, na muuza vitanda akamshangilia: "Hongera, kaka! Bado kufua nacho!" Maumivu yakapungua kiasi, lakini matao hayakurudi, na kila adhuhuri yalipokuwa yakipata chai, yeye aliyapepea nzi.

Hatimaye akapiga moyo konde, akamwendea Tajiri.

"Tajiri, tabibu amesema nikae."

Tajiri alisikitika kweli kweli. Machozi yakamlengalenga. "Wima, wewe ni ndugu yangu. Nitakuletea tabibu mwingine. Nitakuombea dua msikitini, wote waitikie amina. Omba lolote."

"Kigoda."

"Lolote lisilokuwa kukaa," akasema Tajiri, akamshika bega kwa huruma.

Wakati huohuo biashara ilikuwa imechanua. Wapita njia walisimama mbele ya kioo wakayatazama matao. "Tazama yalivyotulia," waliambiana. "Lazima kochi hilo ni laini." Tajiri akayaongezea mto wa mahameli.

Siku moja, Tajiri akiwa hajafika, muuza vitanda aliyasoma maandishi ya ukutani kama anayasoma kwa mara ya kwanza.

"Kaka Wima. Kiti ni cha mteja. Kwani nani kakukataza kuwa mteja?"

Wima akaweka kitambaa chini. Kisha akatoka nje, akajifuta viatu kwenye kitambara cha mlangoni, akapiga hodi.

"Karibu, bwana mkubwa!" muuza vitanda akamwinamia. "Tukuoneshe nini?"

"Kochi."

"Makochi tunayo. Kaa ujaribu, usione haya."

Matao yakajisogeza kumpa nafasi. Wima akageuka, akashika mikono ya kochi, akajishusha taratibu, akakaa. Nailoni ikalia chini yake. Ni kweli, lilikuwa laini, na alifurahi kugundua kwamba miaka yote ile hakuwa amewadanganya watu.

Tao la kulia likashuka kwanza, la kushoto likafuata. Yakateremka kwenye mundi mpaka chini, yakaingia viatuni kimya kimya, kama droo iingiayo mahali pake. Vifundo vikainuka. Magoti yakaachana. Mgongo ukanyooka pingili kwa pingili, na kiuno kikanyamaza.

"Alhamdulillahi," akasema Wima.

"Alhamdulillahi," likaitikia tao la kushoto kutoka ndani ya kiatu.

Hapo mlango ukafunguka. Tajiri aliingia akiwa amefuatana na mwalimu mkuu mstaafu, mama mrefu mwenye miwani, ambaye alikuwa amelipenda kochi jekundu siku nyingi kutoka nje ya kioo.

"Wima," akasema Tajiri, "mteja."

"Tajiri, hata mimi leo ni mteja."

Tajiri hakukasirika. Alilipima neno hilo kama alivyopima mengine. "Sawa," akasema. "Karibu sana, mteja. Lakini muuza viti wangu yuko wapi?"

"Nitamhudumia mama mimi," akadakia muuza vitanda.

"Wewe ni wa vitanda. Kama muuza viti hayupo," akasema Tajiri kwa upole, "itanibidi nitafute mwingine leo hii."

Wima akamkumbuka mkewe na mito midogo ya kitambaa aliyoishona kwa uzi mara mbili isifumuke. Akawakumbuka watoto, ambao madarasa yao Tajiri aliyajua. Akaweka mikono kwenye kochi.

"Unasimama?" likauliza tao la kushoto.

"Nasimama."

"Haya," likasema, bila kinyongo.

Akasimama. Matao yakatoka viatuni, yakapanda juu ya mto wa mahameli, yakakaa. Wima akamgeukia mwalimu mkuu, akamsifia kochi, na safari hii sifa zake zilikuwa na uzito mpya, kwa kuwa alikuwa amelikalia.

"Nalichukua," akasema mwalimu mkuu. "Na hayo yaliyomo."

"Kilicho juu ya kiti huenda na kiti," akasema Tajiri.

Wima ndiye aliyelibeba mpaka kwenye gari, kwa sababu kubeba viti ilikuwa kazi ya muuza viti. Alijitwika kichwani, akaenda nalo, pa, pa, pa, vifundo vikiwa vimelala kwa ndani, na matao yamekaa juu yake yakitazama mtaa.

"Polepole na huo msingi," likasema la kulia. "Tunatikisika."

"Samahani."

"Siku ukipata nafasi ya kukaa, tutafute," likasema la kushoto, na mlango wa gari ukafungwa.

Ilipofika Jumatatu nyingine, Wima alipita ukumbini kwa hatua ngumu kama za ngazi inayotembea. Mkewe akaacha kukunja nguo.

"Baba watoto, leo hukunji magoti."

"Sikunji."

"Umetazama chini ya kitanda?"

"Sina haja," akasema Wima, akachukua mwavuli wake.

Dukani, mbele ya kioo, Tajiri alikuwa ameshaweka kochi jipya la kijani, na magoti yalikuwa yamekaa juu yake, sako kwa bako, yameshapelekewa chai na muuza vitanda.

"Asalaam aleikum," akasema Wima.

"Waaleikum salaam. Pole na kazi."

Akachukua kitambaa kikavu, akafuta viti vya mezani, akafuta stuli, akafuta makochi, na la kijani akalizungukia. Kisha akasimama mahali pake, chini ya maandishi. Mteja wa kwanza aliposukuma mlango, Wima alimwinamia kwa kiuno, kwani hicho bado alikuwa nacho, akamwonesha kiti.

"Karibu," akasema. "Karibu ukae."