Tarehe ya Pili

Jiwe la mkewe lilikuwa limelala karakanani mwaka mzima na miezi minne. Lilikuwa na jina. Lilikuwa na tarehe ya kuzaliwa. Baada ya hapo, patupu.

Fundi mwenyewe alikuwa amechonga mawe ya makaburi ya watu kwa miaka thelathini na saba. Alimchongea mwalimu wake, akamchongea rafiki yake wa utotoni, akamchongea hata mtoto wa siku tatu, na yote akayamaliza kwa wakati. Lakini kila aliposhika tindo amalizie siku aliyofariki mkewe, palizuka jambo. Mara tindo ni butu, mara mvua inanukia, mara kuna kazi ya mtu ya haraka. Majirani walimwona mtu mwenye shughuli nyingi. Shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, hakudanganyika.

“Shemeji,” alimwambia asubuhi hiyo, kasimama mlangoni na mkoba kwapani, “mdogo wangu kawekewa kijiti. Kijiti! Mke wa fundi mawe kalala chini ya kijiti kama mche wa nyanya.”

“Nitamalizia.”

“Lini? Unanisubiri na mimi nife utufanyie kwa pamoja?” Alitazama jiwe, kisha akatazama kando haraka. “Vaa shati safi. Tunakwenda makumbusho ya sanaa, ukaone wenzako walivyomaliza kazi zao. Tukirudi bado hujaamua, Jumatatu naita mkokoteni. Jiwe linakwenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara.”

Yule wa ng'ambo ya barabara alikuwa akichonga kwa mashine. Fundi alivaa shati.

Walianza na vyumba vya picha. Shemeji alitembea polepole, mikono mgongoni, akimkagua kila aliyetundikwa ukutani kama anayemchagulia binti yake mchumba. “Huyu ana uso wa kusikiliza milangoni,” alisema. “Na huyu mama kapendeza, ila viatu vinamuua, mtazame mdomo.” Kwenye nguo za kale alisahau yuko wapi. Alikuwa fundi cherehani, akataka kuona mshono upande wa ndani, akabandika paji la uso kwenye kioo mpaka mlinzi akamkoholea. Wakapita vyungu, wakapita vinyago, wakaingia kwenye sanamu za marumaru. Fundi alizizunguka moja moja. Zilikuwa nzuri, na zote zilikuwa zimekwisha. Hilo ndilo lililomchoma.

Adhuhuri walikaa kwenye benchi.

“Mdogo wangu angekuwa ameshavua viatu,” shemeji alisema.

“Na angekuwa amenipa mimi nimbebee.”

Watu walipita mbele yao, wengine wakinong'ona kama wako kwa mgonjwa.

Chumba cha mwisho kilikuwa chini, cha mawe ya makaburi ya zamani. Shemeji alitaka kurudi, akaona aibu kumwambia. Fundi alishapiga goti mbele ya moja, jiwe la kijivu lenye mistari saba ya maandishi.

“Mzee, usiguse,” mlinzi alisema.

“Siligusi. Niazime hiyo tochi yako.”

“Ya nini? Taa zote hizi?”

“Taa za mbele zinadanganya. Jiwe limulike ubavuni ndipo likuambie ukweli.”

Mlinzi alimpa. Fundi alilaza tochi karibu na ukingo, na kila herufi ikaingiwa na kivuli. Mistari sita ilikuwa imekatwa kwa kina kimoja, imenyooka kama uzi. Wa saba, wenye siku ya kufa, ulikuwa ukipanda na kushuka. Namba mojawapo ilikuwa imeanzwa mara tatu. Chini yake palikuwa na mchubuko mrefu, mahali mkono ulipoteleza.

“Fundi wake ni nani?”

“Karatasi ya maelezo inasema hajulikani.”

“Hawa ni wawili. Mistari sita ni ya fundi. Huu wa mwisho ni wa mtu ambaye hajawahi kushika tindo.”

“Labda mwanafunzi wake.”

“Mwanafunzi angesahihishwa. Fundi huyu aliuona mchubuko, akauacha.” Alizima tochi. “Alimwachia mwenye msiba aandike mwenyewe.”

Alirudisha tochi, akainuka kwa kushika ukuta. Shemeji alikuwa anamtazama.

“Siiwezi ile tarehe,” fundi alimwambia. “Mkono unajua, mimi ndiye siwezi. Nikiiandika, ni mimi niliyesema amekufa. Iandike wewe.”

“Mimi? Mimi nashona magauni!”

“Basi mkono unao.”

“Nitaliharibu, shemeji.”

“Liharibike.”

Shemeji aliutazama mkono wake wa kushonea. Alishusha mkoba kutoka kwapani, akaushika kwa mikono miwili. “Usije ukanicheka,” alisema mwishowe.

Jua lilikuwa bado kali waliporudi karakanani. Fundi alilisimamisha jiwe, akachora namba kwa penseli, akamfundisha shemeji kulaza tindo na kugonga bila hasira. Jiwe likawa linayumba kwa mapigo yake ya kubahatisha, ikabidi fundi akae chini nyuma yake alizuie kwa mikono na kifua. Huko nyuma hakuona namba hata moja. Aliyasikia mapigo tu, yakipita kwenye jiwe yakimfikia mbavuni, mengine mepesi, mengine mazito, katikati yake shemeji akivuta makamasi na kujilaani kwa sauti ya chini. Siku. Mwezi. Ilipofika zamu ya mwaka, mapigo yalikoma kwa muda mrefu, fundi akadhani ameshindwa. Yakaanza tena.

“Tayari, shemeji,” alisema dada mtu. “Unaweza kuachia.”

Hakuachia upesi.