Bandi Chini ya Kwapa

Wateja walimwita Bila Doa, na jina alilipenda. Fundi gani mwingine alinawa kwa sabuni kila alipotaka kugusa kitambaa cheupe? Kanisani nako alisifika kwamba hana neno na mtu. Kila asubuhi, kabla ya kukalia cherehani, alimwomba Mungu amsafishie moyo. Aliomba harakaharaka, kama mtu anayepangusa meza anayojua si chafu.

Kisha kaka yake akaoa.

Wifi huyo alikuwa mcheshi, mvivu wa kupiga pasi, mwenye sauti ya kunyamazisha watoto wanaolia. Hata hajazoea viti vya kwaya, mwalimu akampa ubeti wa kuimba peke yake, uleule ambao Bila Doa aliuimba tangu usichana wake.

"Wewe pumzika kidogo, dada," mwalimu alimwambia.

Apumzike? Nani kamwambia amechoka?

Wivu ukamkaa rohoni. Wifi akicheka, kicheko kinamchoma. Kaka akimsifia mkewe, chakula hakipiti. Na joho jipya jeupe la mwimbaji, atafutwe nani wa kulishona kama si yeye?

Akanawa mikono kwa sabuni. Akakata, akashona vizuri, mpaka akafika chini ya kwapa la kulia. Hapo akapiga bandi tu, ile mishono mirefu ya kushikizia ambayo fundi huifumua akishapitisha mashine. Mashine hakuipitisha. Wifi akifika kwenye sauti ya juu hunyanyua mkono huo, na kanisa zima lingeona kwapa lake. "Nitasema nilisahau," alijiambia. Kesho yake akaomba moyo safi kama kawaida, wala hakuona haya.

Jumapili, katika chumba cha kuvalia nyuma ya kanisa, wifi alikuwa amekwisha vaa joho lile. Wenzao walikwisha toka kupanga mstari.

"Wifi, naogopa," alisema. "Niombee. Humu ndani mwenye moyo safi ni wewe."

Akampa mikono yote miwili. Bila Doa akaishika, akafumba macho, akaanza maneno yake ya kila asubuhi. Hayakutoka. Alijaribu tena, kisha akaiachia mikono.

"Vua hilo joho," akasema.

"Kwani lina nini?"

"Kwapani nimepiga bandi tu. Ukinyanyua mkono linaachia."

"Ulisahau?"

Jibu alikuwa nalo tayari, lililoandaliwa vizuri, na wifi mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango wa kutokea.

"Sikusahau," akasema.

Cheko lote likamtoka wifi usoni. Nje, kinanda kikaanza.

"Sindano unayo?"

"Ninayo."

"Nikivua tutachelewa. Shona hivihivi."

Akanyanyua mkono, ubavu wake ukawa wazi mbele ya sindano ya mtu aliyetaka kumwaibisha. Bila Doa akashona kwa mishono midogo, ya kubana, huku machozi yakimdondokea juu ya kitambaa cheupe na asiyafute. Akakata uzi kwa meno.

"Haya, sasa niombee," wifi akasema, bila kutabasamu.

Bila Doa akamshika mikono tena. Safari hii hakuwa na haraka.

"Mungu," akasema, "huyu ninamwonea wivu. Hata sasa hivi."