Treni ya Kolon

Mwalimu Mwanamize alirejea kwao Khuwair, mjini Muscat, amechoka hoi. Alikuwa amewatembeza wanafunzi wake Ujerumani kwa treni, mji baada ya mji.

"Umeona nini huko, mwanangu?" mama yake alimuuliza, akimmiminia kahawa.

"Nikifumba macho nnaona vichwa vya watoto tu, mama. Kila stesheni nikivihesabu."

Akamsimulia jinsi milango ya treni ilivyofungwa mjini Kolon baada ya wao kushuka, mwanafunzi wake Balqees akabaki ndani peke yake. Mwanamize aliwaacha wengine kwa mwalimu mwenziwe, akapanda treni iliyofuata. Alimkuta stesheni ya mbele, ameketi ametulia.

"Nilijua utakuja, mwalimu," Balqees alimwambia.

"Nikalia, mama, mbele za watu."

Mama alitaka kuuliza zaidi, lakini Mwanamize keshalala, hata buibui hajavua.