Ndimu za Madame Arlette

Mkokoteni ulikuwa umekwisha kupita bomba la maji, Papy mchukuzi akiusukuma kwa tumbo, godoro limefungwa juu kwa kamba, na Madame Arlette nyuma yake na beseni kichwani, wakati Kabongo, chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa wetu, alipotoka kwake na kandambili na kusimama katikati ya njia. Sisi wengine tulikuwa kwenye milango yetu. Hakuna aliyemsalimu Madame Arlette, naye hakusalimu mtu. Ukikaa Panda, upande wetu wa mji wa Likasi, majuma matatu bila umeme, hata bonjour inakuwa nzito mdomoni.

Nieleze kwanza. Kebo ya shaba ilikatwa na kuibwa kwenye kabini ya umeme ya mtaa wetu siku ya mvua kubwa, na tangu hapo avenue nzima ilikuwa giza. Friji ya Mama Simone, mwenye parcelle, kiwanja chenye vyumba tulivyopanga, iligeuka kabati ya nguo. Watu walianza kuangaliana. Aliyekula nyama aliangaliwa. Aliyevaa viatu vipya aliulizwa amevitoa wapi, hata kama vilikuwa vya kaka yake aliyekufa. Kila mmoja alijua mwizi ni mtu wa hapa hapa, maana mtu wa mbali hawezi kujua saa ambayo mlinzi wa kabini anakwenda kunywa.

Mimi, Vieux Casimir, yaani mzee Casimir kama walivyoniita, nilikaa chumba cha nyuma, mlango wangu ukitazamana na wa Madame Arlette. Nimetembea sana maishani: Kolwezi, Kipushi, Kasumbalesa, hadi Chingola ng'ambo ya mpaka. Shule niliisoma vipande vipande, mwaka huu kwa mapadri, mwaka mwingine hakuna. Lakini shaba ninaijua, na kwa sababu ninaijua, nilianza kuona mambo.

Niliona ndimu. Madame Arlette alikuwa mjane, mwalimu wa darasa la tano, mtu wa kula kidogo. Lakini juma lile alirudi na ndimu mfuko mzima, na juma lililofuata tena mfuko mzima. Sikusikia harufu ya samaki. Sikumwona akimuuzia mtu juisi. Alifunga pazia mchana, jua likiwaka, na nyuma ya pazia nilisikia kitu kinakwaruza, krr, krr, kama wembe juu ya chuma.

Aliye mgeni hapa Likasi hatashtuka hapo. Sisi tunashtuka. Mwizi wa kebo anachoma mpira wa nje, shaba inatoka nyeusi, na mnunuzi haitaki nyeusi, maana nyeusi inasema ilikotoka. Basi mwizi anaiosha kwa ndimu na chumvi mpaka inakuwa nyekundu kama mpya. Kwa hiyo kwetu, mtu akinunua ndimu nyingi bila samaki, watu wanatazamana.

Sikusema ni mwizi. Nilimwambia Mama Simone neno moja tu, kwamba ndimu za jirani zimekuwa nyingi. Mama Simone akalipeleka neno kwa chef Kabongo, na njiani likaongezeka mikono na miguu.

Sasa ubaya ulikuwa huu. Madame Arlette alikuwa amepata nafasi ya kufundisha kwa masista kule Kapolowe. Shule yake ya hapa ilikuwa haijamlipa tangu Pasaka, na kule kulikuwa na mshahara na nyumba. Lakini masista walitaka karatasi ya mwenendo mzuri, yenye muhuri wa chef wa avenue yake, na waliitaka mkononi Jumatatu. Bila karatasi, nafasi inakwenda kwa mwingine. Aliiomba mapema. Kabongo alimwambia angoje. Akangoja mpaka Jumamosi, akafunga mizigo, akapanga kupitia kwa Kabongo na mkokoteni wake akielekea parking ya magari ya Kapolowe. Na Kabongo, alipoona godoro linatembea, alisema moyoni: huyu anakimbia.

"Papa Chef," Madame Arlette alisema, "nilikuwa nakuya kwako. Nabakisha paka karatasi yangu tu."

"Karatasi itakuya," Kabongo alijibu. "Kwanza shusha ile beseni."

Alishusha. Kabongo akafunua kitambaa yeye mwenyewe, polepole, kama mtu anayefunua chungu cha mganga. Ndani kulikuwa na ndimu, labda hamsini, na kila moja ilikuwa imechomwa pande mbili: upande mmoja msumari wa manjanja, ule wa zinki wa kupigilia mabati, upande mwingine kipande cha waya wa shaba, chekundu, kinang'aa.

Watu walitoka milangoni. Nikasikia neno shaba likipita mdomo hadi mdomo.

"Ee, hata ndimu banazisulubisha siku hizi," Papy alisema, akiegemea mkokoteni wake. Wachache wakacheka, Kabongo hakucheka.

Madame Arlette akaeleza, kwa sauti ya darasani. Kwamba ni somo. Kwamba maji makali ya ndimu, yakiwa kati ya shaba na zinki ya msumari, yanatoa umeme, mdogo sana, na ukiunga ndimu kadhaa unaweza kuwasha taa ndogo. Kwamba alitaka kila mtoto wa Kapolowe ashike yake mwenyewe siku ya kwanza, wasije wakamwogopa mwalimu mgeni. Pazia alilifunga ili aione taa wakati wa kujaribu.

"Umeme mu ndimu," Mama Simone alisema. "Sasa juu ya nini siye tunalala mu giza, na ndimu iko mingi ku soko?"

Hapo kicheko kilikuwa cha wote. Madame Arlette alipiga magoti kwenye vumbi, akapanga ndimu sita, akaziunga kwa nyaya fupi, msumari wa hii kwa shaba ya ile, mpaka mwisho. Kisha akatoa taa nyekundu, ndogo kama punje ya mahindi, aliyoitoa kwenye redio iliyokufa, akagusisha miguu yake miwili kwenye ncha.

Ilikuwa saa sita, jua liko katikati ya kichwa. Hatukuona kitu.

"Minye naona paka jua tu," Kabongo alisema.

Madame Arlette akainuka, akafungua kitenge chake cha juu, kile cha pili, akakitandaza juu ya ndimu na mikono yake, akamwambia chef aingize kichwa. Kabongo akarudi nyuma. Chef mzima kuingiza kichwa chini ya kitenge cha mjane, mchana, mbele ya avenue? Watu watasema nini? Papy ndiye aliyeingia kwanza. Alikaa huko muda, matako yake yakitutazama, kisha akatoka na uso mwingine, hana mzaha. Akasema tu: "Chef, ingia."

Kabongo akavua kofia, akaingia. Alipotoka jasho lilikuwa limemshika shingoni.

"Iko," alisema. "Nyekundu. Kidogo, kama jicho ya panya."

Ungefikiri yaliisha hapo. Mimi pia nilifikiri hivyo, na nilipumua. Lakini Kabongo alivaa kofia yake tena, akaiweka sawa.

"Minye siuliza mwangaza, Madame. Naulizia shaba. Ilitoka wapi?"

Alijibu kwamba ilikuwa ya marehemu mume wake, Urbain, aliyekuwa akisuka waya za mota kwenye karakana, na alimwachia sanduku la vipande.

"Urbain alikufa," Kabongo alisema. "Hatuwezi kumuita aseme."

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya, Kabongo. Hakutaka kumfunga mama mwenye mkokoteni njiani. Akaagiza kiti, kalamu na muhuri, akaandika juu ya paja lake, akapiga muhuri, akampa. Madame Arlette akasoma mara moja, akamrudishia.

"Papa Chef, unaandika hamukukuta kebo kwangu. Ba sista bataniuliza: kebo gani?"

"Naandika kile niliona."

"Basi ungenishika tu, ingekuwa heri. Na hii karatasi hata mlango habatanifungulia."

Papy akatazama juu, akasema gari la Kapolowe halingojei mtu. Kabongo alishika karatasi, hakuichana, hakuibadilisha. Mama Simone alinitazama mimi. Najua alivyonitazama: neno ni lako, Vieux, lichukue.

Nilijongea mpaka kwenye beseni. Nikachomoa kipande kimoja cha waya kutoka kwenye ndimu, nikakipitisha ukucha. Kilikuwa na verni, vanishi nyembamba iliyofunika waya. Ncha tu, ile iliyoingia ndani ya ndimu na ile ya kuungia, ndizo zilikuwa zimekwaruzwa kwa wembe. Katikati verni yote ipo, ya rangi ya asali. Ile krr, krr niliyoisikia ilikuwa hiyo. Nikakipinda. Kilipindika kigumu, kikataka kurudi. Nilikuwa nimekaa majuma matatu nikichungulia mlango wa mtu, na jibu lake lilikuwa kitu cha kushika kwa vidole viwili.

"Chef," nilisema, "hii haiyaona moto. Kebo ya kabini haina verni, na shaba ya kuchomwa inakuwa laini kama majani. Hii njo ya mota. Nilisema mubaya."

Kabongo alinitazama sana.

"Na weye, Vieux Casimir, shaba ya kuchomwa unaijulia wapi?"

Nilikuwa nimelisikia swali lile kabla halijatoka. Ningeweza kusema niliambiwa, au niliona wengine. Madame Arlette alikuwa anazirudisha ndimu zake kwenye beseni moja moja, bila kunitazama. Kama ningesema niliambiwa, neno langu lingekuwa neno la kuambiwa, na karatasi ingebaki ilivyo.

"Kolwezi," nilisema. "Nilichoma kebo miaka miwili. Nilikuwa naosha na ndimu."

Mama Simone alirudi hatua moja, kama mtu anayempisha mbwa. Kabongo akaomba karatasi nyingine. Safari hii aliandika kwamba Madame Arlette ni mtu wa mwenendo mzuri katika avenue yetu kwa miaka tisa, na kwamba maneno yaliyosemwa juu yake yalikuwa ya uongo. Akanipa kalamu, nikaweka jina langu chini kwamba mwenye maneno ni mimi. Herufi zangu ni mbaya, lakini zinasomeka. Muhuri ukapigwa juu ya jina langu nusu.

Madame Arlette alisoma, akaikunja, akaiweka kifuani. Mama Simone, kutengeneza mambo, alimwomba ndimu mbili za samaki. Akakataliwa: alisema ndimu ikikaa na shaba na zinki ndani hailiwi, inatupwa. Kisha akasimama mbele yangu, beseni limerudi kichwani.

"Juu ya nini haukuniuliza, Papa? Mulango yangu na yako binaangaliana."

Hakungoja jibu. Papy alikwisha kuinua mkokoteni.

Masista waliipokea karatasi. Madame Arlette anafundisha darasa la tano Kapolowe, na hajarudi Panda. Papy aliuza mkokoteni, sasa anabeba watu kwa pikipiki. Kabongo angali chef wa avenue. Umeme ulirudi baada ya miezi miwili, kwa kebo ya alumini. Mwizi wa ile ya shaba hakujulikana, na mlinzi wa kabini alibadilishwa. Mama Simone aliniambia nitafute nyumba kabla ya mwisho wa mwezi. Hakunieleza sababu na sikuuliza. Sasa ninakaa mtaa wa Kamatanda, chumba kimoja. Hapa hakuna anayejua jina langu lote.