Tonge la Kushushia Mwiba

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa wageni kilikuwa soksi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kama kawaida yangu, kwa hiyo watu wanaokuja kwetu mtaani Manyatta mimi huwajua kuanzia chini. Soksi ya kushoto ya Shakir ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kinachungulia nje kama kinataka kujua bibi harusi ni yupi. Nikasema moyoni, huyu tutaelewana. Sura yake nilikuwa bado sijaiona.

Walitoka Nakuru kuleta posa: Shakir, baba yake Mzee Mbarak, na mama yake. Shangazi Rehma, aliyenilea, huuza samaki wa kukaanga sokoni Kibuye, na alikataa katakata kupika pilau.

"Pilau wanayo kwao," alisema. "Hapa watakula ziwa."

Akaagiza samaki aina ya ngege kutoka ufuoni Luanda Kotieno, akawakaanga, akawaunga na nyanya, akasonga ugali mgumu wa kusimama.

Wanaume walikula sebuleni. Sisi wanawake tulikaa mkekani chumba cha ndani, Mama Shakir mbele yangu na macho yake yote mawili.

"Haya, binti," akasema, "sisi ni watu wa nyama. Tufundishe. Huyu samaki anaanzwa wapi?"

Mimi, mwalimu! Shule niliiacha darasa la sita, na kwa jinsi nilivyokuwa kimya, nadhani mwalimu wangu hajagundua mpaka leo. Nikaonyesha kwa kidole: hapa, mgongoni. Nikamega, nikatia mdomoni. Mwiba niliuhisi mara moja. Mtu mwenye akili huutoa kwa vidole, akauweka pembeni mwa sahani, maisha yakaendelea. Mimi niliona haya kutia vidole mdomoni mbele ya mama mkwe. Nikameza.

Ukakwama.

Dawa yake kila mtoto wa huku anaijua: unamega tonge la ugali, unalimeza zima bila kutafuna, linaushusha. Nikafinyanga tonge. Kwa kuwa nilitaka jambo liishe upesi, nikalifanya kubwa. Nikalimeza huku nikitabasamu. Lilifika pale ulipokuwa mwiba, likaamua kukaa nao.

Hewa ikakatika. Kikohozi hakuna, sauti hakuna.

"Ni mtamu?" Mama Shakir akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha nikainuka, nikachukua jagi la maji kama mtu anayekwenda kulijaza, ingawa lilikuwa limejaa, nikatoka. Shangazi aliniambia baadaye kwamba wakati huo alijivunia sana adabu yangu.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kufa nyuma ya jiko, pamoja na kuku, ili nisisumbue wageni. Nilikumbuka hata kuvaa slipa. Nikajipiga kifua, nikainama, masikio yakaanza kuvuma. Kwenye kamba ya jirani nguo zilikuwa zinadondosha maji, tone, halafu tone, na kila tone lilikuwa na jua ndani yake. Nguo zenyewe zilikuwa chupi za Mzee Njuguna. Ndizo zingekuwa kitu changu cha mwisho kuona duniani, na nawaambia kweli, zilikuwa nzuri.

Mke wa Njuguna, Rahab, anayeuza viazi Kibuye karibu na shangazi, alikuwa bado anaanika.

"Amirah, wageni wamefika? Mbona unacheza densi huku?"

Sikumjibu. Hilo halikumshangaza, kwani huwa simjibu. Lakini alipoiangalia midomo yangu, beseni likamwanguka.

"Ngai! Huyu mtoto anakufa!"

Rahab ana mikono ya kubeba magunia. Alinigeuza, akanipiga mgongoni, wapi. Akanikumbatia kwa nyuma, ngumi chini ya kifua, akanivuta juu mpaka miguu ikaacha ardhi na slipa zikabaki. Akanivuta tena. Tonge likaruka pamoja na mwiba wake, likatua kwenye kanzu nyeupe ya Mzee Mbarak, aliyekuwa ametoka kuona kelele ni za nani.

Hapo ndipo nilipoiona sura ya Shakir. Alikuwa nyuma ya baba yake, mdomo wazi kuliko wangu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nalia kamasi, navuta hewa kwa sauti ya punda. Maneno yangu ya kwanza baada ya kufufuka yalikuwa haya:

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akajibu, akiiangalia kanzu.

Shangazi akaja mbio. "Si ungepiga kelele! Mdomo umepewa wa nini?"

"Wa kutabasamia," akasema Rahab. Alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduka, kisha akaanza kulia kwa sauti.

Mama Shakir alichuchumaa mbele yangu. "Binti, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kujaza jagi."

"Jagi si limejaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa mimi ningerudi Nakuru niseme nini? Kwamba mke wa mwanangu alikufa kwa adabu?" Akanifuta pua kwa ncha ya mtandio wake. "Na kama samaki ndivyo anavyoliwa, mimi nipeni mboga za sukuma."

Wakacheka wote. Shangazi naye alicheka, lakini mkono wake haukuondoka mgongoni pangu. Kila nilipovuta pumzi, niliusikia unapanda nayo.

Posa ilikubaliwa. Mzee Mbarak alisema binti anayeweza kumtemea mtu ugali na kumwamkia papo hapo hapatikani kila mji. Siku ya harusi kisa hiki kilisimuliwa zaidi ya mawaidha, nami nikacheka na wengine.

Lakini watu husimulia kuanzia pale Rahab aliponiona. Kabla ya hapo, nikiwa peke yangu na kuku, nilifungua mdomo na kuna maneno yalitaka kutoka, ugali ukayazuia. Hewa iliporudi niliyaonea haya, nikaona ni makubwa mno kwa mtu kama mimi. Hayakuwa shahada, Mungu anisamehe, wala hayakumhusu Shakir. Nilitaka kusema: jamani, msiniache niende. Napapenda hapa.