Udongo wa Kichuguu

Kamio, lori letu, ilikuwa na mabwana wawili. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi saa sita ilimtumikia mkandarasi wa matofali mjini Élisabethville, aliyeikodi pamoja na mume wangu, Godefroid, kwenye usukani. Baada ya hapo ilikuwa yetu: ilibeba mahindi na mihogo ya shamba letu la barabara ya Kipushi, na Jumapili ilitupeleka misa. Niliionea wivu, sikatai. Mwanamke anayemngoja mumewe siku sita ana haki ya kuchukia chuma.

Godefroid alinituliza kwa nyumba. Tulilala katika nyumba ya miti na udongo, na kila msimu wa mvua ukuta mmoja ulianguka. Basi kiangazi cha mwaka 1952 alielewana na mkandarasi kwamba mzigo wa mwisho wa kila Jumamosi uwe wetu. Akaanza kuleta udongo wa kichuguu, mwekundu, wenye kunata, ule ambao kila mfyatua matofali wa Katanga anautafuta.

Mkanyagaji nilikuwa mimi. Nilifunga kitenge juu ya magoti, nikamwaga maji, nikakanyaga mpaka udongo ulainike, huku nikiimba. Naona aibu kusema kwamba niliimba. Tulichoma tanuru moja, na kuta zikafika usawa wa dirisha.

Jumamosi ya tano nilikanyaga kitu kigumu. Nikakivuta: sahani ya bati nyeupe, ukingo wa buluu, imetobolewa. Kwetu hakuna anayeuliza sahani ya namna hiyo ni ya nini. Tunaiweka juu ya kaburi, na tunaitoboa ili ibaki kwa mwenyewe. Tundu moja linatosha. Hii ilikuwa na matatu.

Niliyatoboa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mama yangu Régine amekufa kwa homa katika kambi ya wafanyakazi, nikapewa msumari na jiwe. Nikapiga na kupiga, mpaka shangazi akaninyang'anya jiwe.

"Baba Pierre," nikamwita Godefroid. "Huu udongo unatokaka wapi?"

"Ku kichuguu ya nyuma ya kambi ya zamani. Kule kwenye kuko majani murefu."

"Kulikuwa misalaba?"

"Hapana, mama Pierre. Hata moja. Mungu iko anaona."

Nilimwamini. Misalaba ya makaburi ya kambi ilikuwa ya miti. Mchwa waliila, kisha wakajenga juu yake. Godefroid alikuja kutoka Kongolo miaka mingi baada ya makaburi yale kufungwa, na mimi sikumpeleka hata siku moja. Zamani nilikwenda peke yangu kung'oa majani. Kisha wakaja watoto, kisha shamba, nikaacha. Hasira niliyotaka kumtupia ilinirudia mwenyewe.

Nikatazama miguu yangu, myekundu hadi magotini. Nililia palepale ndani ya tope, nikiogopa kuinua mguu na kuogopa kuushusha.

Godefroid alipoiona sahani na kusikia ni ya nani, aliipokea kwa mikono miwili. "Miye njo nilimubeba mu kamio," akasema. Akaninyanyua, akaninawisha miguu juu ya beseni, na maji yote akayarudisha kwenye tope, bila kumwaga tone.

Jumapili, baada ya misa, tulibomoa kuta. Tukapakia matofali na udongo wote, tukaenda kule. Kichuguu hakikuwepo. Palikuwa na shimo, na alama za magurudumu yetu zikiingia na kutoka. Hapakuwa na mahali pa kumrudisha mtu. Tukageuza kamio, tukajenga kaburi moja refu shambani, la mama na la wengine tusiowajua majina, na sahani nikaiweka juu.

Jumatatu Godefroid alimwambia mkandarasi kwamba kamio haitabeba udongo tena. Akajibiwa kuwa udongo ni udongo, na kamio nyingine ikakodiwa.

Lakini mizigo ya kichuguu kilekile tuliyombebea siku zile nyingine ilikwisha kupita tanuruni kwake. Imekuwa nyumba mjini, nyumba nzuri zenye baraza, na wafu wenyewe wamelala ndani ya kuta zake. Tukipita hapo na mahindi, Godefroid hupunguza mwendo bila kuambiwa. Nami huinama dirishani, nikausalimu ukuta.

"Mama, ni miye, Albertine. Niko napita."