Wiki ya Pili ya Vidonge

Nimekuwa muuguzi wa akili kwa miaka ishirini na sita, na hadi leo kuna watu hapa Mabatini wanaohama upande wa barabara wakiniona, kana kwamba kichaa kinaambukiza kama mafua. Siwajali. Wakikosa usingizi watakuja wenyewe, tena kwa mlango wa nyuma.

Miaka ya tisini chumba changu kilikuwa nyuma ya zahanati ya misheni. Kwenye kabati nilikuwa na makopo mawili ya dawa za sonona. Amitriptilini niliwapa wasiolala, wanaolia na kuzungukazunguka ndani ya nyumba. Imipramini niliwapa waliozama, wale wasiosema wala kuinuka kitandani. Kulikuwa na dawa ya tatu, fluoksetini, iliyoanza kuonekana katika maduka makubwa ya dawa mjini baada ya biashara kufunguliwa, lakini walioweza kuinunua hawakuwa watu wa kuja kwangu.

Luhende aliletwa Jumatatu moja ya mwezi wa saba, mwaka wa tisini na nne. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda kimoja cha Nyakato kwa miaka kumi na saba, mpaka kiwanda kikauzwa na mmiliki mpya akapunguza watu. Wiki za mwanzo aliendelea kuamka alfajiri, akavaa ovaroli yake na kukaa kwenye kigoda nje mpaka king'ora cha kiwanda kilie. Baadaye akaacha kuamka.

Aliyemleta ni mkewe, Ng'washi, mwanamke mwembamba aliyekuwa akiuza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu ya kupeleka Ulaya. Alimkalisha mumewe kwenye benchi kama anavyokalishwa mtoto.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Anasumbuliwa na nini?"

"Hasemi. Hali. Juzi nimemkuta ziwani, amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na viatu kavaa. Namuuliza unafanya nini, anasema naosha miguu."

Nilimgeukia Luhende nikamuuliza kama anataka kufa. Sisi huuliza hivyo hivyo, waziwazi.

"Nimechoka, sista," akasema.

Nilitaka alazwe. Ng'washi akakataa katakata, maana akilazwa wodi ya wagonjwa wa akili, mtoto wao Mhoja ataitwa mtoto wa kichaa mpaka anaolewa. Nikabishana naye, nikashindwa. Basi nikatoa imipramini, vidonge vya siku saba tu, kwa sababu mgonjwa wa namna hiyo hapewi kopo zima. Nikamwambia Ng'washi avifunge kwenye pindo la kanga, ampe mwenyewe, na asimwache peke yake.

"Na usikilize vizuri," nikamwambia. "Hii siyo klorokwini. Klorokwini unameza siku tatu, homa inakimbia. Hii wiki ya kwanza utaona mabaya tu: mdomo mkavu, choo kigumu, kizunguzungu. Nafuu yenyewe inakuja wiki ya tatu, ya nne. Usimwachishe."

Kulikuwa na jambo lingine, nami sikulisema. Mwalimu wangu chuoni alilirudia mpaka tukamchoka: dawa hizi huamsha miguu kabla ya moyo. Mtu aliyekuwa hana nguvu hata ya kujidhuru anapata nguvu, na huzuni yake bado iko palepale. Wiki ya pili, wiki ya tatu, hapo ndipo pa kumlinda kuliko siku alipokuwa kitandani. Nililijua kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa nimeshaona wake wangapi wakitupa vidonge chooni kwa sababu nesi amewatisha? Nikaona kheri ninyamaze, ameze kwanza, nitamwambia Jumatatu.

Jumatatu Ng'washi alirudi amefura. Jirani yake alikuwa amepewa vidonge hivyohivyo kwa ajili ya mtoto anayekojoa kitandani.

"Sista, kwani mume wangu amekwambia anakojoa?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamweleza kwamba dawa moja inaweza kutibu vitu viwili, kidogo kwa mtoto na zaidi kwa mtu mzima, na kwamba amitriptilini tunawapa hata wanaoungua nyayo kwa maradhi ya mishipa ya fahamu. Akacheka naye, akachukua vidonge saba vingine. Nje foleni ilikuwa imefika kwenye geti. Lile jambo langu nikaliacha mpaka Jumatatu nyingine.

Jumatatu hiyo ya tatu, Ng'washi aliingia mapema, ametabasamu mpaka sura imebadilika.

"Ameoga mwenyewe. Jana ameomba ugali. Ametengeneza bawaba ya mlango, ile iliyotushinda tangu Pasaka."

"Umeona?" nikasema. Nilivimba kichwa, sitaki kudanganya. Hapo ndipo maneno ya mwalimu wangu yalipotakiwa kunitoka mdomoni, na badala yake nilitoa vidonge saba na kumpongeza.

Alhamisi, Luhende alikuja peke yake. Alikuwa amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, mkononi ana samaki aina ya sato aliyefungwa kwenye gazeti.

"Nimekuja kukushukuru, sista."

"Mama Mhoja yuko wapi?"

"Yuko mwaloni kwa wavuvi, kwenye mapanki. Mimi nazunguka kushukuru waliokuja kuniona. Jana nilikuwa Kisesa kwa kaka yangu Masele, leo asubuhi majirani. Kwetu mgonjwa akiinuka anazunguka mwenyewe. Ukisindikizwa watu wanajua bado unaumwa."

Alizungumza vizuri, taratibu, bila kukwama. Nikamuuliza usingizi, akasema upo. Nikamuuliza mawazo, akasema yamepungua. Sikumuuliza lile swali la siku ya kwanza. Mtu ameleta samaki, amenyoa, anakushukuru, utamuuliza kama anataka kufa?

"Wewe ndiye wa mwisho, sista," akasema akinipa mkono. Nikampa wangu.

Jioni nilimpika yule sato kwa nyanya na ndizi kama tunavyokula kwetu Bukoba. Nilimmaliza.

Jumamosi wavuvi walimtoa majini upande wa Igombe. Viatu alikuwa navyo miguuni.

Matanga yalikuwa Kisesa, kwa Masele, nami nilikwenda. Waombolezaji walikaa wakisimuliana jinsi Luhende alivyowatembelea wiki ileile. Mmoja alirudishiwa jembe. Mwingine aliombwa msamaha kwa ugomvi wa zamani wa mpaka wa shamba. Masele akasema mdogo wake alimkabidhi Mhoja: "Huyu ni wako pia, kaka." Kila mmoja alianza hadithi yake kwa furaha ya kukumbuka, halafu akafika katikati akanyamaza. Mimi sikusema kwamba nililetewa samaki.

Wiki mbili baadaye Ng'washi alisimama mlangoni pangu. Alifungua pindo la kanga akaweka vidonge mezani.

"Vimebaki vinne. Vya Jumatatu, Jumanne na Jumatano amemeza, mbele yangu. Hajaruka hata siku moja. Sasa dawa ilikosa nini?"

Ningeweza kusema ni mapenzi ya Mungu. Watu wa misheni tunalo hilo jibu karibu siku zote.

"Haikukosa," nikamwambia. "Ilimpa nguvu kabla haijamwondolea huzuni. Wiki hiyo ndiyo ya hatari. Nilijua toka siku ya kwanza, sikukwambia. Niliogopa utaacha kumpa."

Hakulia wala hakunitukana. Alivihesabu tena vile vidonge kwa kidole, kimoja kimoja.

"Ungeniambia ningemfuata," akasema. "Alivyosema anakwenda kushukuru, ningemfuata. Watu wangecheka, na ningemfuata."

Akaondoka. Nilifunga chumba nikalia kwa aibu zaidi kuliko huzuni, na hilo nalo linanitia aibu.

Mwezi wa kumi Masele alimleta Ng'washi kwangu kwa nguvu. Hapati usingizi, analia kwenye mapanki mpaka wateja wanamkimbia, usiku anazunguka nyumbani akigusa bawaba ya ule mlango. Nikampa amitriptilini, vidonge saba, vikae kwa Masele. Safari hii nilisema yote, mara mbili, mbele ya shemeji yake: wiki ya pili, miguu kabla ya moyo, asiachwe hata dakika. Ng'washi aliinua macho. Nikajua amesikia.

Siku ya kumi na mbili, Ijumaa, mlango ulifunguliwa. Alikuwa amesuka nywele. Alibeba mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa wanavyovipenda Wasukuma. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

"Masele yuko wapi?"

"Nimemtoroka sokoni." Akauweka mfuko mezani. "Nimekuja kukushukuru, sista."

Alinitazama moja kwa moja usoni. Maneno yale aliyajua yalikuwa na maana gani kati yetu, na mimi niliyajua.

"Umeshamshukuru nani mwingine?" nikauliza.

"Hakuna. Nimeanza na wewe."

Niliinuka nikafunga mlango kwa ndani, ufunguo nikautia mfukoni. Huko nje wagonjwa walikuwa wakigonga na kulalamika. Nikavuta kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikamshika mikono yote miwili, nikamuuliza lile swali ambalo Alhamisi ile sikumuuliza mumewe.